DK. PUDENCIANA KIKWEMBE: Kutoka Viti Maalum mpaka jimbo la Kavuu

Wadau wa Ikola, Karema na Mpanda yote, leo tumcheki mwanamama ambaye safari yake ina somo kwa kina dada wa huku kwetu ziwani.

NI NANI?
Dk. Pudenciana Wilfred Kikwembe wa CCM aliingia bungeni 2010 kwa Viti Maalum. Wakati huo Mpanda ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Rukwa, maana mkoa wa Katavi ulizaliwa 2012. Uchaguzi wa 2015 akaingia ulingoni jimbo la Kavuu, upande wa Mpimbwe, na akashinda. Ni maeneo ya nyumbani kwa Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu 2008 mpaka 2015, kwa hiyo si mahali pa kuokota kura! Alikaa mpaka 2020, jimbo likaenda kwa Geophrey Pinda.

Mwaka huohuo wa 2020 Anna Lupembe, naye aliyewahi kuwa wa Viti Maalum, akachukua jimbo la Nsimbo. Kwa hiyo Katavi njia hii imepitwa zaidi ya mara moja.

TOFAUTI IKO WAPI?
Viti Maalum hupigiwi kura na wananchi wote. Unapita kwenye mchujo wa chama chako, kisha vyama vyenye angalau asilimia 5 ya kura za ubunge vinagawana viti. Mbunge wa jimbo anachaguliwa na watu wenyewe, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo. Yaani kuna pesa ya kusukuma darasa au zahanati, na wananchi wanajua wa kumbana.

NGAZI ZENYEWE
1. Kijiji: halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 mpaka 25, wanawake wasipungue robo.
2. Halmashauri ya wilaya: madiwani wa kata, pamoja na wanawake wa Viti Maalum wasiopungua theluthi.
3. Bunge: uwe na miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na udhaminiwe na chama.

NA IKOLA JE?
Jimbo letu lilikuwa likiitwa Mpanda Vijijini, ambako 2010, 2015 na 2020 alipita Moshi Kakoso. Kina mama ndio wanaoanika dagaa na kuuza migebuka, bei wanaijua, shida ya barabara wanaijua. Lakini wengi wanaishia kupiga vigelegele kwenye kampeni za wengine. Kiti maalum ni ngazi jamani, si kitanda cha kulalia. Kikwembe alikitumia miaka mitano, halafu akaenda kuomba kura mwenyewe.

Haya dada, uchaguzi wa kijiji ukija tena, fomu utachukua au utamshikia mtu bendera? Tupeni maoni, matusi hapana.