Injini Kumi na Nne za Southampton

Msafiri aliyefika Southampton, kusini mwa Uingereza, alikuja kupanda meli, na meli ndiyo aliyoitazama. Sidhani kama wengi waliziona injini fupi za reli zilizopita kutwa kando ya magati, zikipanga mabehewa ya shehena. Nami, kwa tabia yangu ya kuangalia vilivyo chini, ndizo zilizonivutia.

Baada ya vita, kampuni ya Southern Railway iliweka kazini injini 14 za mvuke zilizoundwa Marekani kwa matumizi ya jeshi. Zilifaa bandarini kwa sababu zilikuwa fupi, na reli za magatini zina kona kali. Kisha ukaja mpango wa mwaka 1955 wa kuondoa mvuke katika reli za Uingereza, na mwaka 1962 kiwanda cha Ruston & Hornsby cha Lincoln kikaleta injini 14 za dizeli. Kumi na nne kwa kumi na nne! Hesabu hiyo inaonyesha jinsi waagizaji walivyofikiri: kazi ni ile ile, kinachobadilika ni chombo.

Na chombo chenyewe kilikuwa kizuri. Dizeli yake, ya nguvu za farasi 275, haikugusa magurudumu. Ilizungusha jenereta, na umeme wa jenereta ukaendesha mota iliyozungusha magurudumu. Sifa ya mota ya namna hii ni kwamba huvuta kwa nguvu zaidi pale inapoanza kuondoka, na kazi ya bandari ni kuondoka na kusimama tangu asubuhi hadi jioni. Injini ya mvuke, kwa upande wake, iliwashwa moto saa kadhaa kabla ya kuvuta behewa la kwanza. Dereva naye aliketi juu, akiona mbele na nyuma.

Lakini wasafiri walikwisha anza kuhamia kwenye ndege. Queen Mary iliondoka Southampton kwa mara ya mwisho mwaka 1967, Queen Elizabeth mwaka uliofuata. Mwaka huo huo wa 1968 likafunguliwa gati la makontena. Sanduku la chuma likishushwa na kreni hupakiwa moja kwa moja kwenye lori au treni ndefu; halihitaji injini ndogo ya kulikusanya behewa kwa behewa kutoka ghala hadi ghala.

Mwaka 1973 zikaanza kuondolewa kazini, na kufikia 1977 zote zilikuwa zimetoka. Hazikuwa zimechakaa, maana viwanda kadhaa vilizinunua na kuzitumia kwa miaka mingi. Wapo watakaowalaumu waliozinunua. Mimi nawaonea huruma tu: waliichunguza injini kwa makini, wasiulize mzigo wenyewe utasafiri vipi kesho.

Wapenzi wa reli wamezihifadhi saba. Za mvuke, zile zilizoonekana zimepitwa na wakati mwaka 1962, zimebaki nne.