LENA HORNE: SAUTI ILIYOKATWA KWA MKASI (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Lena, binti wa Brooklyn aliyeanza kucheza shoo Cotton Club akiwa na miaka 16, ameitwa na Louis B. Mayer, bosi wa studio ya MGM. Anaingia ofisini akiwa na baba yake, Teddy. SASA ENDELEA...

Teddy Horne hakwenda pale kubembeleza. Alimweleza Mayer waziwazi kwamba kama ni mtumishi wa ndani, yeye mwenyewe ana uwezo wa kumwekea binti yake. Kwa nini basi Lena aende kwenye filamu kuwa mtumishi wa wengine?

Mwaka ulikuwa 1942. Mwanamke Mweusi Hollywood alikuwa yaya au mpishi, basi. Hata Hattie McDaniel, Mweusi wa kwanza kutwaa Oscar, aliipata kwa kuigiza yaya. Lakini nyuma ya Lena alisimama Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi. MGM wakakubali. Lena akasaini.

Kumbe mtego ulikuwa mbele. Katika filamu nyingi alivalishwa gauni la kumeremeta, akasimamishwa kando ya nguzo, akaimba. Hakuna mhusika anayezungumza naye. Wimbo ukiisha, hadithi inarudi kwa Wazungu kana kwamba hakuna aliyepita. Na yote yalipangwa hivyo: filamu ikifika majimbo ya Kusini, kipande chake kinakatwa, ncha mbili zinaunganishwa, na mtazamaji hatambui kitu. Yaya wa McDaniel hakukatika, maana hadithi ilimhitaji. Lena aliandikiwa nafasi ya kuondolewa, na mimi naona huo ni ukatili mkubwa zaidi.

Mwaka 1943 alipata pa kupumua. Cabin in the Sky na Stormy Weather zilikuwa filamu za waigizaji Weusi, naye akawa kwenye kiini cha hadithi. Askari Weusi waliokuwa vitani dhidi ya Hitler wakabandika picha yake ukutani, juu ya vitanda vyao.

Ndipo akaenda kuwaimbia kambini, humo humo Marekani. Jeshi lilikuwa bado linawatenga Weusi, kwa hiyo aliwaimbia kwanza maofisa Wazungu. Baadaye ikafika zamu ya askari Weusi, wale hasa aliowafuata.

Lena alipanda jukwaani, akatazama viti vya mbele. Nyuso zote zilikuwa nyeupe. Akauliza ni akina nani. Akajibiwa: wafungwa wa vita wa Kijerumani. Adui aliyetekwa amepewa viti vya mbele, na askari wa Marekani, kwa sababu ya ngozi yake, amewekwa nyuma ya adui huyo.

Bendi ilikuwa tayari. Wote walimsubiri aanze.

Lena akashuka jukwaani.

Alielekea wapi, na studio ikasemaje? ITAENDELEA Jumamosi ijayo. Usikose.