Pepo za Msimu na Mji wa Pate: Neno kwa Msomaji wa Al-Inkishafi

Watahiniwa wengi wakiulizwa juu ya Al-Inkishafi hukimbilia mahubiri: dunia ni mapito, utajiri haudumu, basi. Hayo yamo. Lakini Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alikuwa akiutazama mji halisi, Pate, ulioinuliwa na biashara ya bahari kisha ukaporomoka. Asiyeijua biashara hiyo atausoma utenzi nusu.

Anza na upepo. Kaskazi huvuma takriban Novemba hadi Machi. Ndio ulioleta majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi. Kusi, kuanzia Aprili hivi, uliyarudisha yakiwa na pembe za ndovu, magamba ya kasa, boriti za mikoko na, tusifiche, watumwa. Kati ya pepo hizo mbili mgeni hakuwa na budi kungoja. Nashikilia kwamba kule kungoja, kuliko hata bidhaa zenyewe, ndiko kulikojenga miji. Anayengoja kwa miezi huhitaji malazi, maji, ghala, mdhamini wa mali yake, kadhi anapogombana na mtu, na aghalabu mke. Mwenyeji naye hujipatia mkwe ng'ambo ya bahari.

Hapa jihadhari, mtahiniwa. Usiandike kwamba wageni ndio "walioleta" ustaarabu. Huko Shanga, papo hapo kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alifukua katika miaka ya 1980 makazi yaliyoanza karne ya 8. Nyumba za mwanzo zilikuwa za miti na udongo, na vyungu vingi vilifinyangwa na wenyeji. Nyumba za mawe zilifuata karne kadhaa baadaye, biashara ilipokwisha kunawiri. Lugha nayo inashuhudia vivyo hivyo: nahodha na bandari ni maneno yenye asili ya Kiajemi, ilhali pembe, ndovu na tanga ni ya Kibantu.

Pate ilifikia kilele chake katika karne ya 17 na 18. Ikaja fitina ya urithi wa kiti, vikaja vita na majirani. Mnamo 1812 au 1813 hivi, jeshi la Pate na la Wamazrui wa Mombasa lilishindwa na watu wa Lamu pale Shela. Mfanyabiashara hangoji upepo penye vita. Biashara ikaelekea Lamu, kisha Unguja, na utenzi ukatungwa katika miaka iyo hiyo ya mwanzo wa karne ya 19.

Sasa, mwalimu mwenzangu, warudishe wanafunzi kwenye zile beti za majumba matupu, ambamo zidaka zilizopangwa vyombo vya kaure zimekuwa viota vya ndege. Kabla ya kuwauliza dhamira, waulize hili: bakuli la kaure la Uchina lilifikaje Pate, nani alilinunua, na kwa pembe za nani?