Kurasa 5 za Robert Wilson

Mwaka 1946 jarida la kitabibu la Marekani, Radiology, lilichapa makala ya kurasa 5 tu. Mwandishi wake wala hakuwa daktari. Robert R. Wilson alikuwa mwanafizikia wa miaka 32, na mwaka mmoja kabla alikuwa Los Alamos, akiongoza watafiti katika mradi uliozaa bomu lililoteketeza Hiroshima.

Hebu tumsome mtu huyu taratibu. Ujerumani iliposalimu amri Mei 1945, kazi ya bomu iliendelea, naye akabaki. Miaka mingi baadaye alisema anajuta kwamba hakufungasha virago siku zile. Vita vilipokwisha, Harvard ikampa kazi ya kusanifu saiklotroni mpya, yaani mashine ya kuzipa protoni mwendo mkali. Ilibidi akokotoe kinga: ukuta uwe mnene kiasi gani ili protoni zisimdhuru aliye upande wa pili? Katika hesabu hiyo ya ukuta ndipo alipoiona tiba.

Eksirei hupita. Ikiingia kifuani hutokea mgongoni, na njia nzima huacha madhara, hata kwenye nyama isiyo na ugonjwa. Protoni ina tabia nyingine: huingia kwa kasi, hupunguza mwendo, na karibu na mwisho wa safari ndipo humwaga sehemu kubwa ya nguvu zake. Kisha husimama. Wilson akaonyesha kwamba ukipanga vizuri nguvu ya kuanzia, unaamua wewe isimame wapi: ndani ya uvimbe, si nyuma yake.

Hoja ilieleweka, ila utekelezaji ulikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa Berkeley mwaka 1954. Saiklotroni ya Harvard ikaanza tiba ya protoni kwa ushirikiano na hospitali 1961, na hadi inazimwa 2002 ilikuwa imehudumia watu zaidi ya 9,000, ndani ya maabara ya fizikia. Hospitali ya kwanza ya Marekani kujengewa mashine yake, Loma Linda huko California, ilianza 1990. Hiyo ni miaka 44 baada ya makala. Los Alamos yenyewe ilifunguliwa 1943, na bomu likaanguka 1945.

Sasa tusigeuze kurasa zile kuwa msahafu. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wanaume 450 wenye saratani ya tezi dume, waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya protoni na eksirei za kisasa. Baada ya miaka 2, hali zao za maisha hazikutofautiana kwa maana. Protoni zinasubiriwa zaidi kwingine, hasa kwa mtoto mwenye uvimbe kichwani, ambaye ubongo wake bado unakua na umri mrefu uko mbele yake.

Barani Afrika wagonjwa walianza kupata protoni 1993 huko Faure, karibu na Cape Town, nako kwenye kituo cha utafiti wa fizikia. Afrika Mashariki bado hatuna. Mtoto wetu hutibiwa kwa mionzi ya kawaida, akibahatika kuifikia. Kurasa za Wilson mimi na wewe tunaweza kuzimaliza jioni moja. Yeye ndiye anayeendelea kusubiri.