Likasi: Tiba Iliyofuata Reli na Tiba ya Anga

Historia ya tiba ya dharura kwa ndege katika nchi inayouzunguka mji wa Likasi, huko Katanga nchini Kongo, haina budi kuanza na reli, kwa sababu reli ndiyo iliyoamua nani angeishi karibu na daktari na nani angebaki mbali naye. Njia ya chuma iliyotoka kusini ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikafika Kambove, jirani na Likasi, mwaka 1913, na Bukama mwaka 1918. Kando yake kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilichimba shaba na kujenga kambi na hospitali za wafanyakazi. Na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, chini ya sera iliyotetewa sana na daktari Léopold Mottoulle, huduma hiyo iliwafikia pia wake na watoto wa wachimbaji, maana kampuni ilitaka nguvukazi isiyohamahama. Tiba hiyo ilikuwa ya kweli, lakini ilifuata daftari la mishahara, na mkulima wa Mitwaba au mvuvi wa maziwa ya Upemba hakuandikwa humo.

Mwaka 1928, katika mji mwingine wa shaba, Cloncurry huko Australia, mchungaji John Flynn alianzisha huduma ya daktari anayesafiri kwa ndege kuwafuata wagonjwa wa mashamba ya mbali, ambao mwaka uliofuata walianza kupata redio ya Alfred Traeger, iliyotiwa umeme kwa kukanyaga pedali. Katanga nayo haikukosa ndege, kwani Sabena, shirika la Ubelgiji lililoundwa mwaka 1923, lilifika Élisabethville kabla ya muongo huo kwisha. Kilichokosekana ni nia ya kuirusha ndege kwa ajili ya mwanakijiji.

Likasi yenyewe, wakati huo ikiitwa Jadotville, ilionja upweke wa kuwa mbali na msaada mwezi Septemba 1961, pale askari wapatao 155 wa Ireland, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walipozingirwa na jeshi la Katanga iliyojitenga na Kongo. Wenzao waliokuja kuwaokoa walizuiwa kwenye daraja la mto Lufira, huku ndege ya kivita aina ya Fouga Magister ikiwashambulia kutoka juu. Helikopta moja, yenye marubani kutoka Norway na Sweden, ilifaulu kutua, lakini maji iliyoleta yalikuwa katika madumu yaliyowahi kutiwa mafuta, hivyo hayakunyweka. Nayo haikuweza kuondoka tena, na majeruhi wakaendelea kutibiwa palepale hadi kikosi kilipojisalimisha tarehe 17.

Baada ya migodi kutaifishwa mwaka 1967, hospitali zilirithiwa na kampuni ya serikali, Gécamines, ambayo uzalishaji wake uliporomoka katika miaka ya 1990, na tiba ya mjini ikadhoofika pamoja nao. Kwa watu wa mbali, mzigo wa kuruka ulibebwa zaidi na makanisa, hasa Wamethodisti, ambao huduma yao iitwayo Wings of the Morning imesafirisha wagonjwa wa Katanga kwa ndege ndogo aina ya Cessna. Kazi hiyo hutegemea ardhi kuliko inavyodhaniwa: wanakijiji lazima wafyeke kiwanja, mtu awe na redio au simu ya kuita, na mwanga utoshe, kwani pasipo taa za kiwanja, mama aliyekwama katika uzazi jioni hana ila kungoja alfajiri.