Theluji ya kulipia: Davos, Les Arcs au Aviemore?

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, nisameheni. Kipindi cha baridi wodi zinafurika, shifti za usiku zinafuatana, na nikirudi asubuhi ninachokiona mbele yangu ni kitanda tu. Leo nina mapumziko ya siku mbili, chai ya tangawizi ipo mezani, na kuna jambo nataka niwamegee.

Ni hivi. Shule za hapa Uingereza hufunga wiki moja katikati ya muhula, mwezi wa pili. Binti yetu ana miaka kumi, na kila mwaka wakirudi kutoka likizo hiyo anakuta wenzake wanahadithiana habari za kuskii. Mwaka huu amekomaa, na sisi twende. Baba yake akasema haya, chagueni mahali. Kuchagua nikaachiwa mimi.

Nilipompigia Mama simu nikamweleza, alinyamaza kidogo, halafu akauliza: "Yaani mnalipa hela mkapigwe na baridi? Si mje huku Siha mwezi wa saba, baridi ni bure!" Nilicheka mpaka machozi. Lakini swali lile lilibaki kichwani. Na najua wapo ambao hamtaniuliza, mtasema pembeni: kumbe hela zipo, mbona tukiomba ada tunaambiwa mambo magumu? Basi naandika ili mjue nilivyofikiri mpaka nikaamua. Maana nilipoanza kutafuta bei nilijikuta nasoma historia, na historia ndiyo iliyoniamulia.

Kwanza kwa wasiojua. Kuskii ni kufunga mbao mbili ndefu miguuni na kuteleza juu ya theluji. Watu wa Norway na Sweden wamezitumia kwa maelfu ya miaka kama sisi tunavyotumia baiskeli: kuwinda, kwenda kwa jirani, kwenda vitani. Ila kupanda mlimani kwa starehe na kulipa hoteli ni jambo la juzi juzi tu. Na msishangae, sehemu kubwa ya biashara hiyo ilianzia kwa wagonjwa.

Mahali pa kwanza nilipopafikiria ni Davos, Uswisi. Mji upo kwenye bonde, mita kama 1,560 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1853 alifika huko daktari wa Kijerumani, Alexander Spengler, aliyekimbia kwao baada ya mapinduzi kushindwa. Akaona wenyeji wa bonde lile hawaugui kifua kikuu kama watu wa mijini. Mwaka 1865, katikati ya baridi kali, wakaja wagonjwa wawili kutoka Ujerumani kujaribu hewa ya mlimani. Wakapata nafuu, habari zikaenea, na Davos ikageuka mji wa wagonjwa wa kifua kutoka Ulaya nzima. Tiba ilikuwa nini? Kulala kibarazani masaa na masaa, umefungwa mablanketi, unavuta hewa baridi, unakula vizuri. Basi. Robert Koch aligundua bakteria wa TB mwaka 1882, lakini dawa ya kumuua ilikuwa bado.

Sasa, wagonjwa matajiri walikuja na ndugu zao, na ndugu wazima walichoka kukaa bure. Mmoja wao ni Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa Sherlock Holmes, ambaye naye alisomea udaktari. Mke wake alikuwa na TB. Mwaka 1894 Doyle alivuka mlima kwa skii kutoka Davos hadi Arosa pamoja na ndugu wawili wenyeji wa pale, akaandika gazetini, akatabiri kwamba siku moja Waingereza wangefurika Uswisi kwa ajili ya mchezo ule. Alisema kweli! Mwaka 1934 Davos wakafunga lifti ya kuvuta watu mlimani kwa kamba iliyobuniwa na injinia Ernst Constam, na hapo hata mvivu akaweza kupanda. Halafu mwaka 1943 ikagunduliwa streptomycin. Vidonda vya mapafu vikapata dawa, vitanda vikabaki vitupu, na hospitali zikageuzwa hoteli. Schatzalp, iliyofunguliwa mwaka 1900 kuwa hospitali ya kifua kikuu, leo ni hoteli.

Niliposoma hapo niliacha kalamu. Mama, unajua kwa nini. Babu aliugua kifua, akalazwa Kibong'oto, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya TB, palepale miguuni mwa mlima wetu. Alikuwa akitusimulia kwamba jua likitoka walikaa nje wakitazama Kibo, na sindano zilivyomuuma. Sindano zile ni streptomycin. Wazungu wa Davos na babu yangu wa Siha walikuwa wakitazama theluji kutoka kitandani, wakisubiri dawa moja! Tofauti ni kwamba kitanda cha Davos sasa kinalipiwa na watalii, na Kibong'oto wauguzi wenzangu bado wanapambana na TB, hata ile sugu. Nimeapa siku moja nitaiona Schatzalp. Lakini Uswisi ni ghali mno, na nitafika kwenye pesa baadaye.

Hapohapo Uswisi nilitazama pia Mürren, kijiji kidogo juu ya genge. Huko habari ni za Henry Lunn, Mwingereza aliyewahi kuwa daktari mmisionari India kabla ya kuanzisha biashara ya safari. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 aliunda klabu kwa ajili ya waliosoma shule zile za kitajiri za Kiingereza, akawa anakodi hoteli nzima nzima wakati wa baridi ili wasichanganyike na wengine. Mwanaye, Arnold Lunn, ndiye aliyepanga mashindano ya slalomu ya kisasa pale Mürren mwaka 1922, yale ya kupita kati ya vijiti. Wanawake hawakusubiri sana, mwaka 1923 walianzisha klabu yao. Sawa, ni historia nzuri. Ila nilielewa sasa kwa nini binti yangu aliniuliza siku moja, akiwa anapiga mswaki, bila hata kunitazama: "Mama, watu weusi wanaskii?" Mtoto ameona picha za matangazo, amehesabu mwenyewe, amepata jibu. Mchezo uliojengewa uzio tangu mwanzo, uzio ukiondolewa alama yake hubaki.

Mahali pa pili ni Ufaransa, na hapa nilifurahi kidogo. Mwaka 1953 daktari wa shule, Max Fourestier, alisaidia kupeleka watoto wa Vanves, mji ulio pembeni mwa Paris, milimani pamoja na mwalimu wao. Asubuhi wanasoma, mchana wanaskii. Jambo lile likaigwa nchi nzima, na watoto wengi ambao wazazi wao wasingeweza kuwalipia waliiona theluji kwa njia ya shule. Baadaye serikali yenyewe ikaingia. Mwaka 1964 ukaanza mpango wa kujenga miji mipya ya kuskii juu kabisa, ambako hapakuwa na kijiji. Les Arcs ni mmojawapo. Ulifunguliwa mwaka 1968, na vitongoji vyake vinaitwa kwa urefu wake kutoka baharini: 1600, 1800, 2000. Mwenye wazo alikuwa Robert Blanc, kijana wa kijijini aliyechunga mifugo na kuongoza wapanda mlima, na baadaye, mwaka 1980, maporomoko ya theluji yalimuua. Majengo yalichorwa na timu ya Charlotte Perriand, mama aliyetaka watu wengi waweze kukaa mlimani. Vyumba vidogo, mabafu yametengenezwa kiwandani na kupachikwa yakiwa kamili kama droo. Mashemeji zangu waliojenga nyumba Boko kwa miaka kumi na moja watashangaa!

Hata likizo wenzetu wamezipanga. Ufaransa imegawanywa kanda tatu, na kila kanda hufunga shule kwa wiki zake, ili nchi nzima isipande mlimani siku moja. Ila wiki tunayofunga sisi huku huwa inaangukia humohumo kwenye wiki zao, kwa hiyo bei inaruka. Na usifikiri utamtoa mtoto shuleni wiki nyingine kukwepa bei. Huku ni faini.

Halafu kuna jambo jingine, ambalo wenzangu wa ughaibuni mnalijua. Mimi na baba mtoto tumeng'ang'ania pasipoti zetu za Tanzania. Ufaransa na Uswisi zote zinataka viza ya Schengen. Hiyo maana yake ni kuomba miadi, kupeleka barua ya kazi, taarifa za benki, alama za vidole, na kuomba Mungu. Mtoto mwenye pasipoti ya Uingereza anapita tu. Nilijiona nikiwa nimekaa kwenye benchi na faili, naeleza kwamba sikimbii, naenda kuanguka kwenye theluji na kurudi kazini Jumatatu.

Basi nikatazama kaskazini, Uskoti. Aviemore unafika kwa treni. Milima yake ni Cairngorms, na Cairn Gorm wenyewe una mita 1,245 tu, yaani chini hata ya Davos mjini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanajeshi wa Norway walioikimbia nchi yao iliyotekwa walifanya mazoezi pale Glenmore. Mwezi Februari 1943 wenzao wa kikosi hichohicho walilipua kiwanda cha maji mazito cha Vemork, ambacho Wajerumani walikihitaji kwa utafiti wa nyuklia, wakatoroka kwa skii. Viti vya kupandishia watu Cairn Gorm vilifunguliwa mwaka 1961, na Aviemore ukajengwa upya kuwa mji wa watalii katikati ya miaka ya 60, kwa watu wa kawaida wa Glasgow na Edinburgh.

Ila siwafichi lililonikosesha usingizi. Novemba 1971 watoto wa shule walipelekwa kutembea kwenye uwanda wa juu wa milima hiyohiyo. Dhoruba ya theluji ikawakuta, hawakukifikia kibanda walichokuwa wanakitafuta. Watoto watano na msaidizi wa mwalimu wao walikufa kwa baridi. Mimi ni nesi, najua mwili unavyopoa. Mtu anatetemeka, halafu anaacha kutetemeka, na hapo ndugu hufikiri amepata nafuu kumbe ndiyo hatari. Nilitaka kufunga kompyuta. Lakini nikaendelea kusoma. Baada ya msiba ule, masharti ya nani aruhusiwe kuongoza watoto mlimani yalikazwa nchi nzima, na vibanda vya juu vilivyowavuta watu kwenda mbali vikabomolewa. Sheria nyingi nzuri, hata za wodini kwetu, zimeandikwa hivyo, baada ya mtu kulia. Sisi tutabaki chini, eneo la wanaoanza, na mwalimu, na kofia ngumu. Magoti yangu nitayalinda mwenyewe, maana nimewahudumia wengi waliorudi likizo na magongo.

Je, theluji ikikosekana? Inawezekana kabisa, Uskoti haina uhakika. Basi tutawatazama kulungu wa baridi, waliorudishwa pale mwaka 1952 na Mikel Utsi, Msami kutoka Sweden. Mtoto ameridhika na mpango huo.

Na lile swali lake? Nilimjibu kwa mifano. Nilimweleza kuhusu Philip Boit, Mkenya, mkimbiaji aliyejifunza kuskii ukubwani akaenda Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mstarini kumkumbatia. Nikamwonyesha Sabrina Simader, dada wa Kenya aliyeshindana Olimpiki mwaka 2018. Halafu nikamwambia kubwa zaidi: mwaka 1848 mmisionari Rebmann aliuona weupe juu ya Kibo, akamuuliza kiongozi wake ni nini, akajibiwa kwa neno moja tu, baridi. Huko London mtaalamu wa jiografia, Cooley, akakataa katakata kwamba theluji inaweza kuwa karibu na ikweta. Na mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo na kuteremka kwa skii. Kwa hiyo skii ilishafika kwetu kabla hata Mürren hawajapanga mashindano yao!

Akauliza, tukienda kwa Bibi tutaskii? Hapo nikakosa utani. Kati ya mwaka 1912 na 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa asilimia 85. Kile alichokitazama babu kutoka Kibong'oto, mjukuu wake atakikuta kipande tu.

Ndiyo maana tunakwenda Aviemore, siku nne, kwa treni, nguo za kukodi. Mama, hela ya bati ilishatumwa kabla ya tiketi, muulize mjomba. Na mwezi wa saba tunakuja Siha kupigwa na baridi ya bure kama ulivyosema. Nataka mtoto asimame uani kwako asubuhi, mawingu yakifunguka, aione Kibo akiwa ameshaishika theluji kwa mkono wake na anajua ni kitu gani kinachoondoka.

Haya, nikalale, kesho naingia usiku. Nikirudi na mguu wa POP, msinicheke. Wasalimieni wote.