Mtungi wa gesi ukianza kuota kutu: mambo ya kuangalia na hatua za kuchukua

Familia nyingi za Madale, Goba, Tegeta na Mbagala sasa zinapika kwa gesi ya mitungi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kwa mama na watoto hii ni nafuu kubwa, kwa sababu moshi wa kuni na mkaa huumiza mapafu. Lakini mtungi, regulata na mpira wa gesi huchakaa. Ukurasa huu unaeleza jinsi ya kutambua uchakavu mapema, na la kufanya gesi ikivuja au mtu akiungua.

Kwa nini mtungi huota kutu

Mtungi ni wa chuma. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, na upepo wa bahari hubeba chumvi. Rangi ikichubuka, kutu huanza hapo. Sehemu inayoathirika zaidi ni kitako, kwa sababu hukaa kwenye sakafu yenye maji ya kudekia au kuoshea vyombo. Kwenye mtungi mdogo wa kilo 6 ambao jiko hufungwa juu yake, maji ya maharage au uji yakifurika hutiririka hadi kwenye koki. Maji hayo yana chumvi, na hula chuma taratibu.

Kagua mara moja kwa mwezi

Funga koki, subiri jiko lipoe, kisha angalia kwenye mwanga wa mchana:

- Mwili na kitako. Kutu nyepesi ya juujuu si hatari ya papo hapo. Kutu inayobanduka magamba, iliyochimba vishimo, au iliyokula kitako hadi mtungi unayumba, ni sababu ya kuurudisha.
- Koki. Isiwe ngumu kufunga, isiwe imepinda, wala isiwe na ukoga wa kijani au mweupe.
- Mpira wa gesi. Ukunje kidogo. Ukiona nyufa, sehemu iliyokakamaa, iliyoyeyuka au iliyotafunwa na panya, usiutumie tena. Hata ukionekana mzima, ubadilishe ndani ya miaka 5.
- Regulata. Ikilegea, ikiwa na kutu, au ikitoa mlio wa kufuka, ibadilishe. Usiifunge kwa mpira wa baiskeli, sabuni ya kipande wala gundi.

Rangi mpya haiondoi kutu, inaificha tu. Usipake rangi mtungi mwenyewe, na uwe na shaka na mtungi uliopakwa rangi juu ya magamba.

Jaribio la maji ya sabuni

Changanya sabuni ya unga na maji kidogo hadi yatoe povu. Fungua koki bila kuwasha jiko. Paka povu kwenye koki, regulata, ncha zote mbili za mpira, na sehemu zenye kutu. Mapovu yakikua, gesi inavuja. Funga koki mara moja. Rudia jaribio hili kila unapobadilisha mtungi. Usijaribu kamwe kwa kiberiti.

Unapobadilisha mtungi dukani

Una haki ya kukataa mtungi uliooza na kuomba mwingine. Mwombe muuzaji apime mtungi kwenye mizani mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ukiongeza kilo za gesi unapata uzito unaotakiwa. Mtungi wa kilo 6 ukipungua sana, huenda unavuja. Usinunue gesi iliyohamishwa mtaani kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo.

Ukisikia harufu ya gesi

Gesi ya mitungi kwa asili haina harufu; huwekewa harufu kali ili ujue inapovuja. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kujikusanya sakafuni, mahali ambapo watoto hucheza na kulala.

1. Usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Usiwashe kiberiti. Zima jiko la mkaa kama lipo nje karibu na mlango.
2. Funga koki kama unaifikia kwa usalama.
3. Fungua milango na madirisha.
4. Toa watoto, wazee na wagonjwa nje.
5. Ukiwa mbali na nyumba, piga simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114. Namba hiyo haitozwi.

Mfundishe na dada wa kazi hatua hizi, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayebaki na watoto.

Moto wa njano

Moto wa gesi unapaswa kuwa wa bluu. Ukiwa wa njano na kuacha masizi kwenye sufuria, gesi haiungui vizuri na inaweza kutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu wala rangi. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa sumu hiyo kwa wingi zaidi. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Watu huidhania malaria. Lakini ikiwa hakuna homa, watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa pamoja, na wanapata nafuu wakitoka nje, tokeni wote na mwende hospitali. Mjamzito asisubiri, kwa sababu sumu hii humfikia mtoto aliye tumboni.

Mtoto akiungua

Mwondoe kwenye moto. Mvue nguo na shanga zisizogandia ngozi. Mwagia sehemu iliyoungua maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, huku mwili uliobaki ukiufunika asipate baridi. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, yai, mafuta, asali wala barafu.

Mpeleke hospitali haraka ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, liko usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri, ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi, au amevuta moshi na sauti imekauka. Mtoto mchanga apelekwe hata kwa jeraha dogo.

Kama mnaishi chumba kimoja

Si kila nyumba ina jiko la nje, na mtungi ukiachwa uani unaweza kuibwa. Basi uweke wima karibu na mlango, juu ya ubao mkavu, mbali na godoro na jiko la mkaa. Pika mlango ukiwa wazi. Kila usiku, kabla ya kulala, funga koki ya mtungi wenyewe, si kitufe cha jiko peke yake.